Binti wa kazi kwa jirani ana alama kila mara ila ushahidi sina. Mtu unaripotije hapo?

DukaLaKona

Wakuu habari za jioni.

Nina duka huku Mbezi, nyumba nyingi za mtaani zinachukua mahitaji kwangu. Kuna familia moja ya geti hapa jirani, watu wa heshima tu, baba kazi yake mjini huko, mama ni mtu wa jumuiya na vikoba, hawana deni na mtu. Wana binti wa kazi. Mwenyewe anasema ana miaka 15 ila kimo ni cha darasa la nne, mimi hata 12 siamini kama imefika.

Toka amekuja kipindi cha masika namuona na alama. Mara ya kwanza mkono umeungua, nikamuuliza akasema uji ulimmwagikia. Baadaye uvimbe juu ya jicho, akasema aliteleza bafuni. Juzi kaja na sweta jua la saa nane mchana, akanyoosha mkono kupokea chenji sweta likapanda nikaona kidonda kingine kibichi, nilivyomtazama akashusha mkono haraka akaondoka na chenji kaiacha mezani. Na kuna siku nilimpa kitumbua akakila pale pale amegeukia ukutani.

Sasa sikilizeni. Sijawahi kusikia kelele za mtu kupigwa. Sijaona mtu akimpiga. Yeye mwenyewe hajasema neno. Nikienda kwa mwenyekiti nasema nini, kwamba nimeona sweta? Kama kweli ni uji basi nimewavunjia watu heshima yao na biashara yangu hapa imekwisha. Na kama sio uji, mimi nakaa kimya mtoto anazidi kuumia.

Waliowahi kukutana na hili naomba mniambie mlifanyaje.

Tumbaku Mbili

Piga 116 dada, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure. Usiombe ruhusa ya mtu.

Mzee wa Tabata

Tumbaku Mbili wewe kila kitu kwako ni kupiga simu. Mleta uzi tulia kwanza. Kuungua na kuteleza ni vitu vya kawaida kwa mtoto aliyetoka kijijini hajawahi kuona jiko la gesi wala vigae. Mimi nimekaa mjini miaka mingi, nimeona familia zimechafuliwa majina kwa maneno ya dukani. Nenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, mweleze kistaarabu, yeye ataingia kama anapita tu kusalimia, ataangalia mazingira. Haya mambo ya kukimbilia polisi ni kuanzisha moto.

wakili_njiapanda

Shikamoo mzee wangu, naomba nirekebishe kidogo. Mjumbe au balozi wa nyumba kumi siku hizi ni kiongozi wa shina la chama, sio serikali. Hana mamlaka yoyote kwenye suala la mtoto, na mara nyingi ni rafiki wa hao hao wenye geti. Wanaohusika ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji, na afisa ustawi wa jamii.

Halafu hili la ushahidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 95 inampa wajibu mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au hata taarifa tu kwamba haki za mtoto zinavunjwa, apeleke kwa serikali ya mtaa ya eneo husika. Haikutaka uwe umeona kiboko kinashuka. Kutafuta ushahidi ni kazi ya wapelelezi na ustawi, wewe unapeleka ulichokiona na ulichokisikia, basi. Watu wanaogopa kushitakiwa kwa kutoa taarifa za uongo, ila kosa hilo ni pale mtu anaposema kitu ambacho mwenyewe anajua sio kweli. Kuwa na wasiwasi wa kweli ambao baadaye unakuja kuonekana haukuwa na msingi sio kosa.

Na kuna jambo moja hapo limepitwa haraka. Sheria hiyo hiyo inasema umri wa chini wa mtoto kuajiriwa ni miaka 14. Kama binti ana 12 basi tayari una cha kuripoti hata bila kidonda kimoja.

Mzee wa Tabata

Marahaba wakili. Sheria naijua ipo. Lakini jibu hili: hiyo sheria yako inasema ustawi wakishapata taarifa wanamuita mhusika wakae wazungumze, si ndio? Sasa mtu akiitwa akaambiwa mtoto ana vidonda mkononi, atashindwaje kujua nani kasema wakati binti haendi popote zaidi ya duka moja? Mimi kuna mama namfahamu alipeleka taarifa ya mtoto wa kambo wa mwenzie kwenye nyumba ya kupanga. Aliambiwa jina lake litakuwa siri. Jioni ile ile nyumba nzima ilishajua. Mwenye nyumba akamwambia mkataba ukiisha atafute pengine, na mtoto akabaki na yule yule. Hiyo ndio hali ya mtaani.

wakili_njiapanda

Hilo siwezi kulipinga, linatokea. Ipo sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi lakini mtendaji mwenye mdomo mwepesi huwezi kumziba kwa sheria. Ndio maana na mimi naunga mkono 116 kabla ya ofisi ya mtaa. Ukipiga kule unaweza kusema sitaki jina langu litajwe, wao ndio wanaipeleka kwa ustawi wa halmashauri.

Kijana wa Goba

Nyie mnazunguka sana. Dada chukua simu yako, mrekodi akija dukani, muulize maswali huku simu inarekodi, tupia Insta utaona Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wanakuja wenyewe wanakimbia. Tanzania hii bila kusambaa hakuna kinachofanyika.

Binti Micheweni

Kijana wa Goba hapo nakukatalia kabisa. Huyo ni mtoto. Sura yake ikizunguka nchi nzima ikiwa na maneno kwamba kapigwa, au Mungu apishie mbali kaharibiwa, ataishi nayo mpaka uzee. Na usiku wa siku hiyo hiyo atalala wapi? Si kwenye nyumba ile ile?

wakili_njiapanda

Na kisheria ni balaa. Sheria ya Mtoto inalinda faragha yake, na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tena kumhoji mtoto kwa simu ya dukani kunaweza kuua kesi. Wakili wa upande wa pili atasema mtoto kapandikizwa maneno na muuza duka.

Kijana wa Goba

Sawa nimeelewa. Ila mjue hasira ndio inatufanya tuseme hivyo, vijana tumeona taarifa nyingi zikiozea mezani.

Nesi Mikono Safi

Habari wote. Nimefanya kazi wodi ya watoto na baadaye mapokezi, nataka niongee kuhusu alama maana hapa kila mtu anasema "alama" kama zote ni moja.

Mtoto anayekimbia na kuanguka anaumia sehemu zilizojitokeza, magoti, viwiko, paji la uso, kidevu, ugoko. Sehemu laini kama nyuma ya sikio, shingo, mashavu, tumbo, mgongo, mapaja kwa ndani, huwa haziumii kirahisi kwa kuanguka. Ukiona michubuko huko lazima ujiulize. Upande wa kuungua, uji ukimwagika unateremka, unaacha kidonda kisicho na umbo, juu kikubwa chini kinapungua, na kuna matone matone pembeni. Mkono ukitumbukizwa kwenye maji ya moto unaacha mstari ulionyooka kama mtu kavaa glovu. Pasi na kijiko cha moto vinaacha umbo lake.

Na kingine tunachoangalia ni stori. Je stori inafanana na kidonda? Inabadilika kila akiulizwa? Walichelewa kumleta? Nani anajibu, mtoto au mtu mzima anamjibia?

LAKINI. Nimeshaona watu wakidhaniwa vibaya. Kuna magonjwa ya ngozi yanatoa malengelenge ukafikiri ni moto wa sigara. Kuna watoto mifupa yao inavunjika kwa kitu kidogo tu, wamezaliwa hivyo. Kwa hiyo mimi mwenyewe nikiona kwa macho tu siwezi kuapa, na nimesomea. DukaLaKona hebu tuambie vizuri, kidonda cha mkono kilikuwa na umbo gani? Na ule uvimbe wa jicho uliona kitu nyuma ya sikio au shingoni?

Mama Pacha

Asante nesi kwa hiyo LAKINI yako, maana mimi ndio niliyedhaniwa.

Wanangu walizaliwa na madoa ya bluu matakoni na mgongoni, yale ya kuzaliwa nayo ambayo watoto wetu weusi wengi wanayo na yanafifia wakikua. Nilimpeleka mmoja kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, dada mmoja mgeni akambadilisha nepi akaona, hakuniuliza, akamwambia mkuu wake, mkuu akampigia mtu wa mtaa. Nimefika jioni kumchukua mwanangu nakuta watu wanne wananisubiri. Mume wangu alikuwa safarini. Niliulizwa kama nina msongo wa mawazo. Niliulizwa kama nakunywa. Mpaka tulipokwenda zahanati daktari akacheka akasema haya ni ya kuzaliwa, giza lilishaingia. Hakuna aliyeniomba radhi na mtaani kuna watu mpaka leo wakiniona na watoto wananiangalia kwa jicho lile.

Simwambii mleta uzi anyamaze. Nasema mjue kwamba upande wa pili kuna mtu.

Tumbaku Mbili

Pole sana Mama Pacha. Lakini niulize bila ubaya, ungependa yule dada angeona madoa kwa mtoto ambaye kweli anapigwa akanyamaza kwa kuogopa kukukwaza wewe?

Mama Pacha

Hapana. Ningependa aniulize kwanza.

Nesi Mikono Safi

Hapo ndio ugumu wenyewe sasa. Kwa mzazi asiye na hatia kuuliza kwanza ni uungwana. Kwa anayepiga kweli, kuuliza kwanza ni kumpa usiku mzima wa kumtisha mtoto na kupanga stori. Na wewe unayeuliza hujui unaongea na yupi kati ya hao wawili.

DukaLaKona

Nawashukuru wote, nimesoma kila kitu. Mama Pacha pole mwaya, ndicho kitu hasa ninachokiogopa.

Nesi nakujibu. Kidonda cha kwanza kilikuwa juu ya kiganja kuelekea kifundo, kimezama, kikubwa upande mmoja, sikuona matone pembeni. Hiki kipya nimekiona sekunde mbili tu siwezi kusema umbo. Nyuma ya sikio sikuangalia, anajifunga kitambaa muda wote. Leo asubuhi alikuja nikamuuliza tu kwenu wapi, sikuuliza kingine, akasema Mahenge, Ulanga. Amekuja na mtu anayeleta mabinti, wazazi wake wanalima mpunga. Shule aliachia darasa la tano. Nilivyouliza kwa nini aliacha akasema "nilikuwa naumwa". Akakata hapo.

Mpogoro Halisi

Mahenge? Subirini kidogo hapo.

Mimi ni wa huko. Naomba msinielewe vibaya, sitetei mtu. Kwetu kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingi sana za nchi hii, hili limeandikwa na kuchunguzwa tangu zamani, kuna daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge miaka ya 1960. Watafiti wanakihusisha na usubi, ule ugonjwa wa inzi weusi wa mitoni. Watoto wanaanza kuanguka wakiwa wadogo, wanaachishwa shule, na wengi wana makovu ya moto kwa sababu wanaangukia jikoni kwenye mafiga. Mtoto aliyeungua mara kwa mara, ana uvimbe usoni, aliacha shule kwa "kuumwa", hataki kusema anaumwa nini. Kwetu tukiona hivyo wazo la kwanza ni hilo. Na anaficha kwa sababu watu bado wanaamini povu lake linaambukiza, akisema tu kazi hana.

Mtani wa Songea

Wapogoro bwana, kila kitu lazima kianzie Mahenge 😂

Mpogoro Halisi

Mngoni nyamaza, hapa tunaongea ya maana, utani tutafanya msibani.

Nesi Mikono Safi

Mpogoro umenigusa. Kitabibu inaingia akilini kabisa. Mtu aliyeanguka kifafa hasikii moto kwa hiyo hautoi mkono haraka, kidonda kinakuwa kimezama na mara nyingi upande mmoja, kama alivyoeleza mleta uzi. Ila kupigwa na kifafa vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja. Kuna mabosi wakiona binti kaanguka wanafikiri anajifanya, au ana mapepo, wanampiga. Na sweta la mchana na kula amegeuka ukutani kifafa hakielezi.

Tumbaku Mbili

Na hata kama ni kifafa tupu, kumweka mtoto mwenye kifafa mbele ya jiko bila dawa ni nini hiyo kama sio kumtelekeza? Bado inaripotiwa.

Kaka Mkweli

Mimi naona wote mmekwepa jambo moja. Hawa wenye geti wana maisha mazuri, mtaani kuna wivu. Mleta uzi unasema "watu wa heshima" halafu unaelezea geti lao. Jiulize moyoni, angekuwa binti wa kazi wa nyumba ya kupanga chumba kimoja ungefungua uzi?

DukaLaKona

Kaka Mkweli ningefungua. Angekuwa wa nyumba ya kupanga ningekuwa nimeshasikia kila kitu kupitia ukuta na nisingehitaji kuuliza mtu. Geti nimelitaja kwa sababu ndilo linalonizuia kujua.

Mwalimu wa Zamu

Salaam. Mimi ni mwalimu wa msingi, nataka kuongezea upande wetu maana sisi tunakaa na watoto saa nyingi kuliko mtu mwingine.

Nilikuwa na mwanafunzi, msichana, alikuwa anaongoza darasa akaanza kushuka, anasinzia, akawa hataki kurudi nyumbani saa za kutoka, anajitolea kufagia darasa kila siku. Hakuna alama hata moja mwilini. Nilipeleka kwa mkuu wa shule nikaambiwa "mwalimu, una ushahidi gani, kushuka darasani ni ushahidi?" Nikaandika kwenye daftari langu tarehe na nilichokiona, kila wiki, bila kuongeza chumvi. Muhula uliofuata mtoto mwenyewe alimwambia mwalimu wa kike wa michezo. Alikuwa baba mdogo wake. Lile daftari lilisaidia kwa sababu tarehe zangu ziliendana na maneno ya mtoto. Kwa hiyo dada wa duka, andika. Tarehe, saa, ulichoona, maneno aliyosema kwa kinywa chake. Usiandike unavyofikiri.

Kuna kingine kinachotuchanganya walimu. Viboko vyenyewe vinaruhusiwa shuleni, kanuni zinasema visizidi vinne na viandikwe. Nyumbani Sheria ya Mtoto inakataza mateso ila adhabu "ya kiasi" haijafutwa. Sasa mstari uko wapi? Mtaani mtu akisikia mtoto analia anapigwa anasema anafundishwa adabu. Hiyo ndio sababu kubwa hatuoni.

Mzee wa Tabata

Mwalimu sisi sote tumekula viboko na tumekuwa watu.

Mwalimu wa Zamu

Mzee wangu shikamoo. Wapo tuliokula nao viboko ambao hawakuwa watu na hatuwataji. Utafiti wa kitaifa wa 2009 uliofanywa na UNICEF, CDC ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kwa vipigo ndio usiseme, karibu robo tatu ya vijana wote. Darasa langu lina watoto zaidi ya themanini, fanya hesabu mwenyewe.

Binti Micheweni

Huku Zanzibar kuna sheria yetu, Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011, na pale Mnazi Mmoja kuna kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi mtu anawapata pamoja, hazunguki. Lakini kesi zinakufa kwa muhali. Aliyefanya ni ami, ni mkwe, ni jirani mliyekula naye sinia moja la futari. Mama anakwenda kwa sheha asubuhi, jioni wazee wamekaa, "tusitiriane", kesho yake hamna shahidi anayefika mahakamani. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia tatizo ni ushahidi nasema ushahidi mara nyingi upo, watu ndio wanauondoa.

wakili_njiapanda

Binti Micheweni umesema kweli. Na niongeze kitu ambacho watu wengi hawakijui. Kwenye makosa ya kujamiiana, Sheria ya Ushahidi ya huku bara inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema ukweli mtupu. Na tangu marekebisho ya 2016 mtoto chini ya miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi tu kusema ukweli. Kwa hiyo ule usemi wa "maneno ya mtoto sio ushahidi" umepitwa na wakati. Shida ni kumfikisha mtoto mahali ambapo anaweza kusema bila kuogopa.

Mswahili wa Columbus

Nawasalimu kutoka Ohio. Huku Marekani walimu, manesi, madaktari ukiwa na shaka ya msingi tu LAZIMA uripoti, usiporipoti ni kosa wewe mwenyewe, na ukiripoti kwa nia njema sheria inakulinda hata kama ilikuwa sio kweli. Hapo naona wamefanya vizuri, maana mzigo wa kuamua hauko kwako. Ila sisi wahamiaji tunaishi kwa woga. Rafiki yangu Mkongo mtoto alikwenda shule na alama za chuku mgongoni, yaani bibi alimuumika kwa ajili ya kifua, mwalimu akaona miduara, wakaja nyumbani watu wa serikali na makabrasha. Iliisha salama lakini bibi hajataka tena kumgusa mjukuu. Kwa hiyo huo utaratibu wenu wa wasiwasi tu unatosha, angalieni na huku kwetu unavyofanya kazi.

Nyali Moja

Sisi hapa Mombasa kuna afisa wa watoto na hiyo 116 pia iko, na chifu. Lakini ukweli watu wengi huanza na nyumba ya mama mzee wa mtaa, yule ambaye kila mtu humheshimu. Yeye huingia mule ndani kwa sababu yoyote, akatoka akajua. Dada huko kwenu hamna mama kama huyo? Si kwa kusuluhisha, la, kwa kuangalia tu.

Fundi Bomba

Kuhusu mishahara ya madada wa kazi kuna mtu kashawahi kufungua uzi? Mimi naona chanzo ni hao wanaoleta mabinti toka mikoani, wanachukua hela mbele kwa bosi, binti akitaka kuondoka anaambiwa ana deni.

Tumbaku Mbili

Fundi fungua uzi wako, hapa usituhamishe. Ila umesema kweli na hiyo inaweza kuwa sababu hasemi kitu. Sio kifafa sio kipigo, ni deni.

DukaLaKona

Wakuu narudi kuwapa kilichotokea.

Niliandika kama mwalimu alivyosema. Nikapiga 116, dada aliyepokea alikuwa mtulivu, hakuniuliza ushahidi hata mara moja, aliuliza nimeona nini, lini, mtoto anaonekana na umri gani, kama yuko hatarini usiku huu huu. Hilo la mwisho sikuweza kulijibu. Akasema taarifa inakwenda kwa ustawi. Nikasema jina langu lisitajwe.

Sasa afisa ustawi alikuja wiki hii, akiwa na mtu wa Dawati asiyevaa sare. Waliingia getini. Walikaa muda, wakatoka wawili. Jioni mama wa ile nyumba akaja dukani mwenyewe, akanunua sukari, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba binti amerudishwa kwao Mahenge tangu Jumapili kwa sababu "anaanguka anguka, nilimuonea huruma". Akanitazama. Sijui alinitazama kwa sababu anajua au ni mimi.

Sijamuona binti akitoka na begi. Jumapili nilikuwa nimefunga.

Mpogoro Halisi

Anaanguka anguka. Basi nilisema.

Tumbaku Mbili

Ulisema nini Mpogoro? Mtu anayemwonea huruma mgonjwa angempeleka hospitali kabla ya kumpakia basi. Wameuondoa ushahidi kama alivyosema Binti Micheweni.

Kaka Mkweli

Au kweli anaumwa na wamemrudisha kwa wazazi wake jambo ambalo nyie wenyewe mlikuwa mnalitaka. Mbona kila wakifanya kitu ni kosa.

Mama Pacha

Hapa mimi mwenyewe nashindwa. Kama ni mgonjwa huyo mama kafanya sawa. Ila kwa nini Jumapili, siku chache tu baada ya simu.

Mzee wa Tabata

Mama Pacha, safari za watu hupangwa na nauli, sio na simu za watu. Ila na mimi nasema ukweli, nisingependa mtoto wa miaka 12 asafirishwe peke yake kutoka stendi ya Mbezi mpaka Ifakara halafu akapandie Mahenge, tena anaanguka. Nani kamsindikiza? Hilo ningetaka kulijua.

Nesi Mikono Safi

Mzee hapo tuko pamoja. Kifafa au kipigo, vile vidonda mganga akiviangalia vizuri bado vinaongea, makovu ya moto hayaondoki kwa wiki moja. Na kama ni kifafa kweli anahitaji kuanzishiwa dawa, na dawa zake zipo na zinasaidia wengi.

wakili_njiapanda

DukaLaKona piga tena 116, waambie ni kuhusu taarifa ile ile uliyotoa, usianze upya. Sema umeambiwa amepelekwa Ulanga na hujamuona akiondoka. Ustawi wa halmashauri moja wanaweza kuwasiliana na wenzao wa halmashauri nyingine wamfuatilie kwa wazazi. Kama hajafika kule, hiyo inakuwa habari nyingine kabisa na inakwenda polisi leo hii, sio kesho.

DukaLaKona

Nimepiga sasa hivi. Wameniuliza jina la kijiji. Aliwahi kunitajia siku ile ila sikuliandika vizuri, ni kama linaanzia na "Lu". Jina lake la kwanza ninalo, la baba sina.

Mpogoro Halisi

Vijiji vya "Lu" kwetu ni vichache, nicheki inboksi nikutajie, ukisikia utakumbuka. Usiyaandike hapa na jina lake pia usiandike. Nina dada yangu anafanya kazi zahanati upande huo, hatamtafuta yeye mwenyewe, ila anajua ustawi wa kata ni nani na simu yake inapokelewa. Nitumie usiku huu, kesho ni siku ya kliniki watu wanashuka kutoka vijijini.